Dola 60 za kusomewa matokeo ya mtoto: nyota nne

Karatasi ya matokeo ya MAP, mtihani wa shuleni, ya mwanangu Salimu ilikaa kwenye friji wiki mbili, kila mgeni anaonyeshwa. Hesabu alama 215, pasentaili 98. Chini kuna mchoro unaoonyesha kuwa 215 ni wastani wa gredi ya 6, na mwanangu yuko gredi ya 3. Baba Salimu akapiga simu Tanga siku ileile: mtoto kapata 98 kwa 100, anarushwa madarasa matatu!

Mimi moyo haukutulia, nikamlipa mwalimu mmoja mstaafu hapa Columbus, Marekani, anayewasomea wazazi matokeo kwa video. Dola 60, dakika 45. Alichelewa dakika 10 na hakuzifidia. Nyota moja imeondokea hapo.

Ila kazi anaijua. Kumbe ile 98 wala si maksi. MAP inafanyiwa kwenye kompyuta: ukipata, swali linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linashuka. Ndiyo maana karibu kila mtoto anatoka amekosa kama nusu ya maswali, hata yule hodari. Pasentaili 98 ni kwamba ukipanga watoto 100 wa gredi yake, kawaacha nyuma 98 hivi. Na hiyo 215 ina kuyumba kwake. Angefanya siku nyingine angeweza kupata 212 au 218.

Nikamuuliza, basi hesabu za gredi ya 6 anaziweza? Hakunijibu. Akasema nimwite Salimu, akamwandikia 3/4 + 1/6. Mtoto fasta, kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini: 4/10. Akanigeukia anasubiri pongezi.

Nilicheka mpaka machozi. Mwalimu akafafanua kwamba Salimu alipewa mtihani wa gredi ya 2 hadi ya 5, na ya gredi yake kayashika barabara, na ya mbele kadokoa kidogo. Mwenzake wa gredi ya 6 kaipata 215 hiyohiyo huku kashafundishwa hesabu za sehemu kama hizo. Nikitaka kumpima kwa ya wakubwa, kuna mitihani kama SCAT ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambapo mtoto wa gredi ya 3 anapewa maswali yaliyotungwa kwa gredi ya 4 na 5.

Dakika tano za mwisho alinipigia debe la masomo yake 12 ya ziada. Nikamwambia asante, mwanangu anaenda mpira.

Kama una karatasi ya namna hii na huielewi, mlipe tu. Simu ya kurekebisha habari Tanga, Baba Salimu hajaipiga mpaka leo.