Bolex H16 Reflex: usiamini shata, hesabu na prizimu

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hii niliyoshika ni Bolex H16 Reflex, kamera ya sinema ya mkanda wa milimita 16. Imetoka Uswisi, kiwanda cha Paillard pale Sainte-Croix, na toleo hili la Reflex lilianza mwaka 1956. Haitumii betri. Unazungusha mkono huu wa pembeni, springi inakaza, ukibonyeza inakwenda kama sekunde 28 kwa kasi ya fremu (picha) 24 kila sekunde, kisha unazungusha tena. Mkanda wa futi 100 haufiki hata dakika 3, kwa hiyo kila shoti unaiwaza kabla hujagusa kitufe. Mimi hilo nalipenda sana.

Sasa tuje kwenye mwanga, maana hapo ndipo mikanda mingi inapoharibika. Ndani hamna kipima mwanga, lazima uwe nacho mkononi. Kwa kasi hiyo ya fremu 24, shata yake, yaani pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye mkanda, inafunguka kama 1/65 ya sekunde, lakini ndugu yangu, usikiwekee kipima mwanga namba hiyo! Nyuma ya lensi kuna prizimu, kipande cha kioo kinachogawa mwanga. Inachukua sehemu ya mwanga na kukuletea jichoni ili uone unachopiga, na mwanga huo haufiki tena kwenye mkanda. Weka 1/80.

Tuchukue jua la saa saba mchana, anga halina wingu, na mkanda wa Kodak 50D, negativu ya rangi ya mwanga wa mchana yenye wepesi wa 50. Kanuni ya wazee wa picha inasema f/16 kwa 1/50 (namba ya f ni upenyo wa lensi; ikikua, upenyo unapungua). Sisi tuko 1/80, kwa hiyo tunafungua kidogo, katikati ya f/16 na f/11. Naweka f/11 bila wasiwasi, kwa kuwa negativu ya rangi inavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Ukiweka 250D, yenye wepesi wa 250, kwenye jua hilohilo, hesabu inapita f/22, na lensi yangu inaishia hapo. Bila filta ya kijivu ya kupunguza mwanga, mkanda utapata mwanga uliozidi. Na ukipiga Ektachrome, ambayo haina negativu, kosa la stopu moja tu, yaani mwanga mara mbili au nusu yake, linaonekana.

Kuna jambo limenigharimu. Ukipunguza upenyo wa lensi, picha kwenye kitundu cha kuchungulia inakuwa giza. Basi unafungua mpaka mwisho ili ulenge vizuri, halafu unatakiwa urudishe. Mimi nilisahau kurudisha, nusu mkanda ukaungua kwa mwanga. Iliniuma. Siku hizi natamka namba kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Ukienda kununua, angalia ule mlango mdogo wa filta nyuma ya lensi. Kishikio chake kisipokuwepo, mwanga unapenya hapo. Angalia pia kiwiko cha shata: kikibaki nusu, umepoteza stopu nzima. Na kamera ikiwa kwenye stendi, funga kitundu cha kuchungulia, jua la mgongoni lisiingie.

Haya, nimeikaza mpaka mwisho. Sikilizeni mlio wake.