Uzoefu wangu na klabu ya kupanda milima: kabla hujajiunga, uliza nani anatembea mkiani

Nimetoka na klabu hii mara 22 katika miaka miwili, na muda wote huo nimekuwa nikikwepa kuandika lolote. Viongozi wake ni watu wa kujitolea. Wana kazi zao na familia zao, na hakuna anayelipwa hata nauli. Kumkosoa mtu wa namna hiyo ni kama kujibanza chini ya mwavuli wa mwenzio huku ukilalamikia rangi yake. Lakini juzi rafiki yangu aliniuliza kama ajiunge, nikajikuta nimezungumza nusu saa nzima, na karibu maneno yangu yote yalihusu jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu nilipoanza. Basi bora niliandike.

Utaratibu wao ni huu. Kila safari ina viongozi watatu. Anayetangulia wanamwita kichwa, anayefunga msafara wanamwita mkia, na wa tatu anazunguka katikati na mkoba wa huduma ya kwanza. Huruhusiwi kumpita kichwa wala kubaki nyuma ya mkia. Ukibanwa na haja unaacha begi lako kando ya njia, mkia akilikuta anajua kuna mtu vichakani na anasubiri. (Na hiyo haja nayo ina masharti: hatua nyingi kutoka penye maji, angalau mita 60, na shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20. Kiongozi wa katikati hubeba kikoleo kidogo, na hulieleza jambo hili mbele ya watu wote bila kupepesa macho. Nampenda kwa hilo.)

Upande wa maandalizi sina la kulaumu. Anayepanga njia ni mstaafu mmoja ambaye sote tunamwita Mzee, na ujumbe wake ukifika unakuwa umekamilika: urefu wa njia, jumla ya mwinuko, maji yapo wapi, na saa ya kugeuza hata kama kilele kinaonekana puani. Muda anaukadiria kwa kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskochi aliyeiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mwinuko wa mita 900 inatoka saa 3 na dakika 54. Mzee akifika hapo anaongeza nusu nyingine, anaandika saa 6. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kanuni ile haina dakika ya kupumzika, haina dakika ya mtu kutafuta koti ndani ya begi, na haina mtu kama wewe, kijana wangu. Nina miaka 41, lakini nilimwelewa.

Wa katikati naye ni fundi. Dakika 20 baada ya kuanza anasimamisha kila mtu na kuuliza swali moja: nani anahisi joto kisiginoni? Siku ya kwanza niliona ni utoto. Kumbe lengelenge huanza na joto, na ukibandika plasta wakati huo umeokoa siku yako. Ukingoja liume, limeshajaa maji na bado una kilomita tisa. Anauliza mapema kwa sababu baadaye watu huona aibu kusema. Pia hukagua nguo. Fulana ya pamba anaiacha ipite jua likiwa kali, lakini tukienda juu anakuomba ubebe kitu kingine, maana pamba ikilowa inakunyonya joto, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Na ndani ya begi lake daima kuna koti moja la ziada la mtu ambaye hakusikiliza. Mara mbili mtu huyo nilikuwa mimi.

Sasa nifike kwenye nilichokusudia.

Safari yangu ya sita tulikuwa watu 28. Ni wengi mno, na nadhani hata wao walijua. Kupanda kulikwenda vizuri. Kwenye kuteremka goti langu la kulia likaanza kugoma, nikarudi nyuma taratibu, nikakuta wenzangu wawili waliochoka pamoja na kijana aliyekuwa mkia. Alikuwa kiongozi mpya, ana miezi mitatu tu. Mpole, mwenye heshima, anakubebea begi kabla hujaomba. Ramani hakuwa nayo. Alikuwa nayo kwenye simu, na simu ilizimika kwa baridi.

Tukafika njia panda. Mbele hapakuwa na mtu, na sauti za wenzetu tulikuwa tumeacha kuzisikia muda mrefu. Njia ya kushoto ilikuwa imekanyagwa zaidi, tukaifuata. Ndilo kosa ambalo karibu kila mtu angelifanya, maana njia iliyokanyagwa sana huonyesha tu mahali watu wengi wanakokwenda, na hapo walikuwa wakienda kuchota maji. Baada ya nusu saa tuliishia kwenye kijito, na njia ikafa.

Kijana alianza kuita. Sauti ya mtu bondeni haifiki popote. Yule mama tuliyekuwa naye akamwambia, mwanangu, si una filimbi hapo kifuani? Alikuwa nayo kweli, ile ndogo inayoshonewa kwenye kifungio cha mkanda wa begi, na hakuwahi kuitambua kuwa ni filimbi. Mama akamfundisha: mipulizo sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ndiyo ishara ya kuomba msaada inayotumika kwenye milima ya Alps, na anayekusikia hujibu kwa mipulizo mitatu kwa dakika. Tulipuliza mizunguko mitano. Kwenye mzunguko wa sita tukasikia tatu kutoka juu kulia. Sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule.

Tulipowafikia niligundua kilichoniudhi hasa. Kichwa alihesabu watu mwanzo wa safari na akahesabu tena kileleni. Kwenye njia panda hakuhesabu. Alipita na kundi lake lenye miguu mizuri, wakiwa na hadithi tamu, na pengo likafunguka nyuma yake bila yeye kujua. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Njiani kurudi niliapa kwamba sitakanyaga tena.

Jioni hiyo simu yangu ikaita. Mzee. Aliwapigia wote wanne, mmoja mmoja. Hakuniambia milima ndivyo ilivyo, wala kwamba kijana bado anajifunza. Alisema kosa ni lake, kwa sababu alimpa kijana mkia akidhani mkia ni mahali pa kujifunzia.

Nimelifikiria sana neno lile, na nadhani ndiko klabu nyingi zinakokosea. Mtu hodari wanamweka mbele, maana mbele ndiko kunakoonekana uongozi, na anayebaki ndiye anafunga msafara. Lakini hebu tazama nani anakutana na nani. Kichwa anakaa na wazima: wanatembea, wanapiga picha, wanamwuliza jina la ndege. Mkia anakutana na aliyetapika, aliyevunjikiwa soli, anayelia kimyakimya, anayesema yuko sawa na hayuko sawa. Matatizo yote ya siku huteremka taratibu kuelekea nyuma kama maji, na huko nyuma ndiko tulikomweka mtu asiye na ramani.

Wiki iliyofuata utaratibu ulibadilika, nami nikarudi kwa udadisi zaidi kuliko msamaha. Watu hawazidi 16. Kila penye njia panda, mtu wa kwanza nyuma ya kichwa anasimama kama nguzo na haondoki mpaka mkia amfikie kwa macho yake. Wanaojifunza uongozi wanatembea mbele, na ramani ya karatasi na dira mkononi, na mzoefu ubavuni. Na mkiani yupo Mzee mwenyewe.

Goti langu limenifanya mteja wake wa kudumu, kwa hiyo nimemtazama kwa karibu akifanya kazi. Kwanza, hasemi jitahidi. Sijamsikia hata mara moja. Ukianza kuhema anasimama kufunga kamba za viatu. Anainama, anachukua muda wake, anafungua, anafunga. Wewe unapumua bila kuomba ruhusa na bila mtu kujua kwamba umechoka. Siku moja kamba zake zilihitaji kufungwa mara tano ndani ya kilomita nne, nikaamua kuzitazama vizuri. Zilikuwa na fundo maradufu tangu asubuhi.

Pili, alikomesha dhuluma moja ambayo kila mtembea polepole anaijua. Wenye kasi wanafika mahali pa kupumzika, wanakaa robo saa, wanakunywa maji, halafu ninyi wa nyuma mnapotokea tu wanasimama na kusema haya, twendeni. Matokeo yake aliyechoka zaidi ndiye hapumziki kabisa. Mzee amemwekea kichwa sharti: muda wa mapumziko unaanza kuhesabiwa pale mtu wa mwisho anapoketi. Mwanzoni wenye kasi walinuna. Baadhi bado wananuna, na wengine wamehamia kwingine, jambo ambalo halijanisikitisha.

Dosari zipo. Taarifa za Mzee ni nzuri zinapofika, ila mara nyingi zinafika Ijumaa usiku wa manane, na safari mbili ziliahirishwa wakati tayari nimeshapanda gari. Pale mbele kuna kikundi cha wenyeji wa zamani wanaozungumza wao kwa wao kwa mafumbo ya safari za miaka iliyopita. Mgeni anaweza kutembea saa tano akiwa katikati ya watu na asiulizwe jina. Na wamechoka, waziwazi. Katika miaka yangu miwili viongozi watatu wameacha, na waliobaki ni walewale kila wiki.

Sehemu ya uchovu huo ni yetu sisi wanachama, na hapa ninajihesabu. Kila baada ya miezi mitatu kuna siku ya kutengeneza njia. Kwenye matembezi ya kawaida hata nafasi hazitoshi, lakini siku ya majembe tunafika watano, wakati mwingine wanne. Nimekwenda mara mbili tu, na nilijifunza kwamba adui wa njia ni maji kuliko miguu. Mtu anakata kona ili aokoe hatua kumi, anayemfuata anapita palepale, nyasi zinakufa, mvua inapata mfereji wa kuteremkia moja kwa moja, na baada ya misimu miwili una korongo. Kazi yetu ilikuwa kuchimba vijifereji vya mshazari vinavyoyatoa maji njiani na kuyamwaga kando, na kuziba njia za mkato kwa matawi. Mgongo uliniuma siku nne.

Mzee alituambia siku hiyo habari za Claude-François Denecourt, askari wa zamani wa jeshi la Napoleon, ambaye mwaka 1842 alianza kuchora alama za rangi kwenye msitu wa Fontainebleau huko Ufaransa ili watu wa kawaida waweze kutembea bila kupotea. Hakuna aliyemtuma. Na kule Marekani ile njia ya Appalachian, kilomita 3,500 hivi, iliyopendekezwa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kukamilika mwaka 1937, hadi leo inategemea sana mikono ya wanaojitolea katika klabu za mahali kwa mahali. Mmoja wetu akauliza wao hufika wangapi siku ya majembe. Mzee akacheka, akarudi kuchimba.

Basi, je, ujiunge? Ukitaka kasi, hapana, utaudhika na kusubiriana. Ukitaka kupelekwa kama mtalii, hapana pia, kwa sababu utaombwa kusimama nguzo kwenye njia panda huku mvua ikinyesha. Ila kama hujawahi kupanda, una kilo za ziada, una goti kama langu, au umri umesogea, sijaona mahali pengine ambapo aliye nyuma anaangaliwa namna hii. Na popote utakapokwenda, iwe klabu hii au nyingine, usiulize nani anaongoza. Uliza nani anafunga msafara, ametembea njia hiyo mara ngapi, ana ramani ya karatasi, na kwenye njia panda nani husimama. Wakibabaika kukujibu, subiri wiki nyingine.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya zile taarifa za usiku wa manane na kile kikundi cha mbele. Njia panda nimeshaisamehe.

Yule kijana wa filimbi sasa ni kichwa mzuri, anahesabu watu mpaka anachosha. Nami nimeombwa mwezi ujao nijaribu mkia, Mzee akiwa hatua chache mbele yangu. Nimenunua ramani ya karatasi. Goti likiniruhusu, nitakwenda.