Siku Tatu katika Spa ya Kifahari ya Tiba Asilia: Tathmini Yangu

Kwa miezi kadhaa mabega yangu yalikuwa yamekakamaa na usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu, kwa hiyo niliposikia habari za kituo kimoja cha kifahari kinachochanganya spa na tiba asilia, nilijiandikisha kwa kifurushi cha siku tatu. Sitakitaja jina, kwa kuwa mengi niliyoyaona huko, mazuri na mabaya, yanafanana na yale ambayo wenzangu wameyakuta katika vituo vingine vya namna hiyo, ambavyo sasa vinaongezeka kwa kasi.

Nianze na mikono ya mkandaji, maana ndiyo iliyonifanya nisijute kwenda. Mama yule wa makamo alijidondoshea kwanza mafuta ya ufuta kwenye kifundo cha mkono wake, akayaona yamepoa, akakirudisha kibakuli juu ya maji ya moto, akasubiri, ndipo akanigusa. Alipofika chini ya bega la kushoto alitulia, akabonyeza kwa kidole gumba, akaniuliza iwapo nina mazoea ya kulalia upande huo. Ndivyo nilalavyo. Alibaki hapo kwa zaidi ya dakika 20, ingawa ratiba iliyobandikwa ukutani ilimtaka awe amekwisha kufika miguuni, na usiku ule nililala hadi alfajiri bila kushtuka hata mara moja.

Shirodhara, ambayo ni umiminaji wa mafuta ya vuguvugu juu ya paji la uso kutoka kwenye chombo kilichoning'inizwa, aliifanya yeye pia. Uzi wa mafuta hautakiwi kukatika wala kupoa, kwa sababu mwili uliokwisha kulegea hushtuka mara moja, na kwa muda wote ule sikusikia ukikatika. Huu ni ufundi wa kujifunza kwa miaka, na ninafurahi kuona unathaminiwa. UNESCO iliitambua masaji ya Kithai kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2019, na utamaduni wa sauna wa Wafini ukafuata mwaka 2020. Kwa hiyo sishangai kwamba watu wanaotumikishwa na simu na viti vya ofisini wanayatafuta mapokeo haya.

Hamamu yao, yaani bafu la joto la mtindo wa Kituruki, kwa upande mwingine, ilipendeza macho kuliko mwili. Marumaru ilikuwa nyeupe isiyo na doa na mabakuli ya shaba yaling'aa, lakini jiwe la kulalia lilikuwa na uvuguvugu tu. Katika hamamu, joto ndilo kazi yenyewe: mtu hulala juu ya jiwe hadi jasho limtoke na ngozi ilainike, na ndipo glavu ya kusugulia inapoweza kuutoa uchafu ukiwa umejiviringa kama nyuzi za kijivu. Mimi nilisuguliwa kabla ya dakika tano kwisha, nikatoka na michubuko mgongoni.

Lililonisikitisha zaidi ni kifurushi chenyewe, kilichotangazwa kwa jina la panchakarma. Panchakarma ni mfululizo wa taratibu tano za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ambao, ukiongeza maandalizi na siku za kupumzika baadaye, kwa kawaida huchukua wiki kadhaa chini ya uangalizi wa tabibu. Kuubana katika siku tatu na kuahidi kwamba "unaondoa sumu zote mwilini" ni kuwadanganya wateja na kuwavunjia heshima waliouhifadhi, mbali na kwamba kazi hiyo ya kutoa taka mwilini hufanywa kila siku na ini na figo.

Halafu kuna suala la usalama. Nilijaza fomu mapokezi nikaandika wazi kwamba ninatumia dawa za shinikizo la damu, lakini nilielekezwa kwenye chumba cha mvuke bila mtu yeyote kuisoma. Aliyenizuia mlangoni, akaniuliza maswali na kunipunguzia muda, ni yule yule mkandaji. Wakati wa kuondoka nilipewa kikopo cha vidonge vya mitishamba kisichoonyesha kilichomo. Nilikirudisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la JAMA ulikuta madini yenye sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki, katika bidhaa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya eneo la Boston, na tangu niliposoma habari hiyo simezi kitu kisicho na maelezo, hata kiwe kimefungwa kwa utepe wa hariri.

Chumba kilikuwa safi, kimya kilizingatiwa, na wahudumu wote walikuwa na adabu. Nitarudi, lakini kwa masaji na shirodhara pekee, na nitaomba nihudumiwe na mama yule, asubuhi na mapema, kabla wateja hawajawa wengi na ratiba ya ukutani haijaanza kumkimbiza.