Amanda Tapping: makasha matatu ya diski, uanze na lipi?

Haya watazamaji wangu, karibuni tena. Mezani leo nina makasha matatu ya tamthilia za runinga za kisayansi za kubuni: Stargate SG-1, Stargate Atlantis na Sanctuary. Yote matatu yana uso mmoja, wa mwigizaji Amanda Tapping. Nimeyatazama kwa mfuatano, na nawaambieni utamu wake uko hapo: unamwona dada huyu akianza kwa kusema anachoandikiwa, hadi anafika mahali pa kuamua kiandikwe nini.

Tuanze na SG-1, mwaka 1997. Sehemu ya kwanza kabisa, wanajeshi wamekaa mezani wanamsubiri Kapteni Carter, na wanamzungumzia kana kwamba ni mwanaume. Mara mlango unafunguka, anaingia Samantha Carter, mwanafizikia wa anga. Mpaka hapo safi. Halafu waandishi wakampa maneno ya kujitetea kuhusu viungo vyake vya uzazi viko ndani au nje. Jamani! Nilisimamisha video nikacheka, lakini kicheko cha aibu. Basi jueni kwamba sehemu hiyo ilihaririwa upya mwaka 2009 ikatolewa kwenye diski yake peke yake, na maneno yale yakakatwa. Ukiipata, anza na hiyo.

Kilichombeba Carter ni ulimi wa Tapping. Fizikia anaisema harakaharaka, kama mtu anayekimbiza wazo lisimponyoke, na unamwamini hata usipoelewa kitu. Misimu 10, sehemu 214, cheo kikipanda kutoka kapteni hadi luteni kanali. Mwaka 2004 wakamwachia Tapping mwenyewe aongoze sehemu moja ya msimu wa 7.

Atlantis napita mbio. Msimu wa 4 Carter huyohuyo anakabidhiwa ukuu wa kituo, na kwa maoni yangu wakamfungia ofisini. Mtu wa maabara na bunduki unamkalisha nyuma ya meza? Kasha hili mnunulie mpenzi wa tamthilia yenyewe, siyo wa Tapping.

Sanctuary sasa. Ilianzia kwenye intaneti mwaka 2007, ikaingia runingani Oktoba 2008. Hapa yeye ni mtayarishaji mkuu, na baadaye anaongoza pia. Anacheza Helen Magnus, daktari mwenye umri wa miaka 157, nywele nyeusi, lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza. Tapping mwenyewe alizaliwa hukohuko Uingereza, akakulia Kanada.

Mandhari nyingi zilichorwa kwa kompyuta, waigizaji wamesimama mbele ya pazia la kijani. Picha hizo zimezeeka, sitawaficha. Kuna korido zinaonekana kama mchezo wa video wa zamani. Lakini mtazameni Tapping macho. Anapozungumza na kiumbe ambacho hakipo, macho yanatua mahali pamoja, kwa kimo kilekile, hayatangitangi. Wenzake wengine unawaona kabisa wanatafuta pa kuangalia.

Kwa hiyo, mwenye pesa ya kasha moja achukue SG-1. Aliyekwisha kuimaliza achukue Sanctuary, avumilie korido. Na kama mmeshaona zote mbili, tafuteni tamthilia nyingine, Travelers: humo jina lake liko kati ya waongozaji, kisha msimu wa 2 anajitokeza mwenyewe kama Daktari Perrow. Mimi nilimtambua kwa sauti kabla ya sura.