Betri sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni na kijana wa kaunta

Nilikusudia kuandika kwamba betri hizi za lithiamu za nyumbani ni utapeli mtupu, na kwa wiki kadhaa ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila aliyekanyaga kwangu hapa Ilazo. Sasa nimelazimika kukiri kwamba betri yenyewe haina kosa, ila duka lililoniuzia, lililopo hapa hapa Dodoma mjini, sijalisamehe.

Mimi hutotolesha vifaranga. Mashine yangu inachukua mayai 264, na yai la kuku linataka joto lisilokatika kwa siku 21, kwa hiyo fedha za zabibu zetu za Hombolo zote niliziingiza kwenye betri na inverta yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Shemeji yangu alinicheka: betri ya nini, wakati Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115? Nilimjibu kwamba bwawa liko Rufiji nami niko Ilazo, na nguzo moja ikilala kwa upepo hapo katikati, maji yote yale hayatanifaa kitu.

Siku ya kununua, kijana wa kaunta alinipokea kwa heshima zote, akanihubiria karibu nusu saa. Alisema umeme wa jua, kama wa mradi wa Kishapu, huzalishwa mchana ilhali watu huuhitaji zaidi jioni, na ndiyo maana mataifa yananunua betri za ukubwa wa makontena na kuziunganisha kwenye gridi. Tena Australia Kusini walifunga ya megawati 100 pale Hornsdale mwaka 2017, na wakati huo hakukuwa na ya lithiamu kubwa kuliko hiyo duniani. Nimefuatilia baadaye, ni kweli tupu. Basi anaijua betri ya Australia mpaka mwaka wake, lakini waya mmoja wa mawasiliano kati ya inverta na betri yangu ulimshinda yeye na fundi wake. Niliukuta ndani ya boksi, ukiwa bado kwenye nailoni.

Mvua za kwanza zilipoanza, umeme ulikatika asubuhi moja na haukurudi. Mayai yalikuwa siku ya ishirini, na ukitega sikio mlangoni mwa mashine ulisikia vifaranga wakilia ndani ya maganda. Kioo cha inverta kilionyesha asilimia 80, kwa hiyo tuliliacha friji likanguruma, watoto wakatazama televisheni, feni ikazunguka. Jioni bado kilisoma zaidi ya 70. Usiku wa manane kila kitu kilizima kwa mpigo mmoja, bila hata mlio wa onyo. Nilifunika mashine kwa mablanketi, nikajaza madumu maji ya moto na kuyapanga ndani, nikakaa hapo sakafuni mpaka alfajiri. Waliototolewa ni 47.

Nilipofika dukani kueleza, yule kijana hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Alisema: “Mama, warantii ni ya betri. Mayai si betri.” Wateja wawili walicheka. Hakunipa pole, hakuniuliza inverta ilisoma nini, hakunionyesha hata kiti, na mimi ni mtu wa umri wa mama yake.

Aliyeniokoa ni fundi wa Nkuhungu, kijana mpole, aliyebonyeza vitufe dakika kumi tu akatikisa kichwa. “Mama, wamekuwekea mpangilio wa betri ya maji.” Akanieleza kwamba betri ya maji ikiishiwa chaji, volti zake hushuka taratibu, hivyo inverta inaweza kukisia kilichobaki, hii ya lithiamu hushikilia karibu volti zilezile mpaka mwishoni, kisha huporomoka ghafla. Bila ule waya inverta ilikuwa inapiga ramli. Laiti ningeona asilimia ya kweli, friji na televisheni ningezizima mchana, na mayai yangevuka usiku ule.

Tangu alipouchomeka, sina la kulalamika. Umeme ulikatika tena juzijuzi kwa saa nyingi, taa hazikupepesa, na kundi lililofuata lilitoka vizuri mno. Kwa hiyo betri naipa nyota tano. Duka nilitaka kulipatia nyota moja, lakini kila nikikumbuka kile kicheko naona hata hiyo ni sadaka. Wiki iliyopita wamenipigia simu wakiniita “mteja wetu wa thamani”, eti kuna punguzo kwa betri ya pili. Ya pili nitanunua, kwa kuwa naihitaji, na fundi wa Nkuhungu ameshaniagizia kwingine.