Kipimo cha wingi wa virusi CTC: kipimo kizuri, maelezo haba

Natumia huduma hii ya kupima wingi wa VVU kwenye damu katika CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) ya serikali, Tanzania, ambako hailipiwi. Kipimo chenyewe nakipa nyota tano. Utoaji wa majibu naupa mbili. Mteja anaambiwa dirishani "virusi vimefubaa, endelea na dawa", anakabidhiwa makopo yake, basi. Jibu la kipimo hiki ni namba, nawe omba kuiona.

Tuanze na damu. Inatolewa mkononi na kuwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, chenye kemikali ya kuzuia isigande. Hakuna kufunga kula, na dawa unameza kama kawaida. Maabara inatakiwa kutenganisha plazima ndani ya saa 24, na hapa ndipo mambo huharibika: damu imeganda, ujazo hautoshi, namba ya kichupa hailingani na ya fomu, usafiri umechelewa. Sampuli ikikataliwa unapaswa kuitwa utolewe nyingine, lakini si kila mtu huitwa. Kwa hiyo ukirudi kuchukua dawa usiulize tu "majibu yametoka?", maana utajibiwa "bado" hata kama kichupa kilishatupwa. Uliza: "Sampuli yangu ilipokelewa maabara au ilikataliwa?"

Sasa karatasi. Ikiandikwa TND, mashine haikuona virusi kabisa. Ikiandikwa <20 au <40, dalili za virusi zimeonekana ila ni vichache mno kuhesabika. Baadhi ya mashine huanza kuhesabu kwenye kopi (nakala za virusi) 20 kwa mililita, nyingine, GeneXpert ikiwemo, kwenye 40. Kwa hiyo mwaka jana <20 na mwaka huu <40 si kupanda, huenda sampuli imepita mashine tofauti. Nimeona watu wakikosa usingizi kwa jambo hili tu.

Vilevile, kutoka 30 hadi 75 si habari ya kutisha. Tofauti isiyofika mara tatu mara nyingi ni yumbayumba ya kawaida ya kipimo na ya mwili. Kutoka 75 hadi 7,500 ni mara mia, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Mpaka unaotajwa zaidi ni kopi 1,000. Ukiuvuka, kwa kawaida hubadilishiwi dawa siku hiyohiyo. Unapewa vikao vya ushauri wa ufuasi wa dawa, kisha unapimwa tena baada ya takriban miezi mitatu ya kumeza vizuri. Virusi vikibaki juu ndipo usugu wa dawa unapochunguzwa au dawa zinapobadilishwa. Kabla ya kufika huko, mweleze mtoa huduma kila kitu kingine unachomeza. Dolutegravir, dawa ya VVU iliyomo ndani ya TLD (kidonge kimoja chenye dawa tatu), hushikwa na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, ikashindwa kuingia mwilini vizuri. Meza TLD saa mbili kabla ya dawa hizo za kiungulia au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu ni hivyohivyo, ila hivyo unaweza kuvimeza pamoja na TLD ukiwa unakula. Rifampicin ya TB nayo hupunguza dolutegravir, ndiyo maana mgonjwa wa TB huongezewa dolutegravir miligramu 50 saa 12 baada ya TLD. Mtu anaweza kumeza kila siku bila kukosa na namba ikapanda kwa sababu hizi tu, halafu akaambiwa mzembe.

Kuhusu maambukizi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi mwaka 2023: aliye kwenye dawa ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono, na mwenye kopi 1,000 au pungufu uwezekano ni karibu na sifuri. Kwa anayenyonyesha, hatari inashuka sana lakini haifutiki, kwa hiyo dawa za kinga na vipimo vya mtoto vinaendelea.

Na "havionekani" si kupona. Kipimo cha haraka cha VVU kitaendelea kutoa chanya, kwa sababu kinatafuta kingamwili, si virusi. Ukiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Kwenye daftari lako andika tarehe ya kutolewa damu, si ya kupewa majibu, kisha namba pamoja na alama yake ya <. Ukihamia kituo kingine, nenda nalo.