Kumbukumbu za safari ya meli: albamu ya kushonwa au faili la pete?

Meli ya kitalii hukuachia makaratasi kibao: ratiba za kila siku, menyu, kadi ya chumba, ramani za bandari. Albamu ya kushonwa inapendeza mkononi, lakini ukishabandika vitu vinene kurasa kadhaa, mgongo unatanuka na jalada linagoma kufunga. Na ukisahau bandari moja, huna pa kuichomeka.

Faili la pete, lile lenye pete zinazofunguka za kushikia kurasa, halina urembo huo, ila kurasa unaongeza na kuhamisha utakavyo, na ratiba nzima inaingia kwenye mfuko wa plastiki bila gundi. Plastiki yenyewe isiwe PVC, huharibu picha. Plastiki ya polipropilini ni salama. (Risiti za mashine hufifia kokote utakakoziweka, zitoe fotokopi kwanza.)

Kwa safari ya bandari nyingi, mimi nachukua faili.